Mrija Mmoja, Midomo Miwili

Mrija ule ulikuwa mfupi kama kidole cha mtoto, na mume wangu aliutia mdomoni ungali na mate ya mwanamke mwingine. Hilo sikusimuliwa. Nililiona kwa macho yangu mawili, nimesimama mlangoni mwa kibanda chake cha pancha pale mtaa wa Chanji, mkononi nina kapu la chakula chake cha mchana. Mwanamke alipuliza mpaka mashavu yakamvimba, akauziba mrija kwa kidole gumba, akamkabidhi. Mume wangu akakiondoa kidole kile taratibu, akaweka midomo yake palepale, akaendelea alipoishia mwenzake. Hakuufuta. Hata kwa ncha ya shati hakuufuta.

Nikisimulia habari hii watu hucheka. Wananiambia ile ilikuwa kazi tu, mama, kazi. Sawa, ilikuwa kazi. Lakini kitambaa kilikuwapo pale mezani, kimekunjwa, nilikiweka mimi mwenyewe.

Ngoja nieleze ilivyoanza. Mume wangu ni fundi wa kuziba mipira ya magurudumu. Baiskeli, pikipiki, malori ya mahindi, yote yakipata pancha hapa mjini Sumbawanga huishia kwake. Siku moja alikuja baba mmoja mwenye vyumba vya wageni kule Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Wageni wake ni watu wa michezo ya majini. Wanapiga makasia kwenye vitumbwi vya plastiki, wanavutwa na boti huku wamesimama juu ya ubao, na wengi wao hawajui kuogelea hata kidogo. Kwa hiyo huvaa suti za mpira laini, zinazobana mwili kuanzia shingoni mpaka magotini, na ndani yake, kifuani, mgongoni na mabegani, kuna mifuko ya kujaza upepo. Ukishapuliza, huwezi kuzama hata ukitaka. Suti zake alizoagiza kutoka mbali zilikuwa zimechanika na kutoboka. Mume wangu akazipiga viraka zote, zikapona.

Yule baba akafurahi akasema, "Fundi, anayeweza kuziba anashindwaje kutengeneza?"

Mume wangu hajui kusema hapana, hasa mbele ya mtu aliyevaa miwani ya jua. Akakubali kutengeneza suti mpya. Mteja akaleta robota la kitambaa cha mpira, zipu nene na mirija.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule tangu nilipoolewa kutoka kijijini Kate, na nusu ya watoto wa kata hii wameketi darasani juu ya mshono wangu. Nilidhani jambo liko wazi. Yeye ataunda mifuko ya upepo, mimi nitashona suti, tutakaa pamoja kibandani, mume na mke, kazi itatoka. Nikaanza hata kupaka mafuta cherehani.

Akaniambia, "Mama, hii si sare ya shule. Hii inataka mtu anayeyajua maji."

"Na mimi maji siyajui?"

"Unayajua ya ndoo," akasema, akacheka sana, akajipiga paja.

Mimi sikucheka. Ni kweli kwetu huku juu milimani hakuna anayeogelea. Maji ya mito yetu ni ya baridi, unayachota unaondoka. Lakini kweli ikisemwa na mume wako huku anajipiga paja inauma zaidi.

Basi akamleta huyo mwanamke. Alikuwa mzaliwa wa Kirando, amepanga chumba mtaa wa pili, akishona maturubai na vifuniko vya viti vya pikipiki. Mrefu, mabega mapana ya mtu aliyekulia majini, na sauti ya kuitia watu ng'ambo. Siku ya kwanza aliponiona akainama kidogo akasema, "Shikamoo dada."

Nilimwangalia. Kama nimemzidi umri ni kwa mvua mbili tatu, si zaidi. Ile shikamoo ilinizeesha papo hapo, mbele ya mume wangu, nami nikalazimika kuitikia marahaba kwa sauti ya bibi. Tangu hapo sikumpenda, na sioni kwa nini nilipaswa kumpenda.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoiona, maana nilihamishia cherehani yangu kwenye kibaraza cha kibanda nikawa nashonea hapohapo. Nilisema ndani hakuna mwanga. Mume wangu alikata mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, akaikwangua kwa msasa mpaka ikawa na vumbi jeusi, akapaka gundi ya solusheni, akaiacha mpaka ukiigusa isinate kidoleni, ndipo akaibandika na kuigonga kwa nyundo. Yule mwanamke alikata kitambaa, akashona mishono miwili miwili, akaifunika juu kwa ukanda uliopakwa gundi. Ulikuwa mshono mzuri. Niliupekua walipokwenda kununua uzi, nikautafutia kosa, nikakosa, roho ikaniuma mara mbili.

Mashine ya upepo haikufaa. Suti ya kwanza waliijaza kwa mashine ikapasuka kwa kishindo, watu wa gereji ya jirani wakadhani ni gurudumu la basi. Kwa hiyo ikabidi kupuliza kwa mdomo, kama wageni watakavyofanya. Mifuko ilikuwa mikubwa na pumzi ya mtu mmoja haikutosha, na mrija ukiuacha wazi upepo wote unarudi. Hapo ndipo pakaja ule mtindo wao wa kupokezana. Mmoja anapuliza, anaziba kwa kidole, mwenzake anapokea. Halafu wanaipaka suti povu la sabuni, wanainamia wote wawili, vichwa vimekaribiana, kutafuta kama kuna mahali povu linachemka. Wakikuta tundu wanashangilia kama watu waliopata mtoto.

Nikajitolea kupuliza. Nilisema, "Mwache mwenzio apumzike, nitakusaidia mimi." Nikautia mrija mdomoni, baada ya kuufuta vizuri sana, nikapuliza mpaka macho yakaona nyota. Mfuko ukainuka kidogo, ukalala.

Mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama, kifua chako ni cha kupulizia moto wa kuni."

Yule mwanamke hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alinishika mkono akasema, "Pole dada, utazoea." Huruma yake ilinichoma kuliko kicheko cha mwingine.

Kulikuwa na mambo mengine. Alileta migebuka mikavu ya ziwani kutoka kwao, mume wangu akaila na kulamba vidole, yeye ambaye nyumbani samaki wangu huwachambua miiba mpaka ugali unapoa. Na kulikuwa na habari ya lugha. Mimi na mume wangu tukiwa nyumbani tunasema Kifipa, na kwa Kifipa mume wangu ni mtu wa maneno mawili: chakula kiko wapi, mvua inakuja. Yule mwanamke Kifipa hakijui, kwa hiyo kibandani walizungumza Kiswahili, na kwa Kiswahili, nikagundua nikiwa kibarazani na sindano mkononi, mume wangu ni mcheshi. Anaigiza sauti za madereva. Anatania. Anasimulia utoto wake, mambo ya ng'ombe aliyempoteza njia ya Muze, ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Nimeishi na mwanamume huyu na kumzalia, na nusu yake nilikuwa naisikia kupitia ukuta wa mabati, anapewa mtu mwingine.

Wivu ulinishika barabara. Sisemi uongo. Nilikuwa naamka nao, nakoroga nao uji wa ulezi, nalala nao ubavu kwa ubavu na mume mwenyewe akikoroma.

Ikafika siku ya suti ya kike. Ilipaswa kupimwa mwilini, na mwili uliopimwa ni wa yule fundi mwenzake. Aliivaa juu ya nguo zake nyepesi, ikambana kila mahali pa kubana, akageuka kumwonyesha mume wangu mgongo ili ampandishie zipu. Niliruka kutoka kwenye cherehani kabla mkono wa mtu haujainuka.

"Zipu ni kazi ya mwanamke," nikasema, nikaipandisha mimi, kwa nguvu kidogo.

"Asante dada," akasema, akishusha pumzi. Mume wangu alijifanya anatafuta msasa.

Suti zote zikaisha. Mume wangu ana sheria yake ya kazi ambayo hakuna mteja aliyewahi kumwondoa humo: mpira hauaminiki mpaka ulale umejaa na uamke umejaa. Basi zile suti zikalala zimejaa upepo, zimetundikwa darini, na asubuhi zikaamka ngumu vilevile, ukizipiga kwa kidole zinalia. Yeyote mwingine angetoa upepo, akazikunja, akazitia kwenye gunia. Yeye hakutaka. Alitaka mteja azibonyeze kwa kidole chake mwenyewe na kuona pumzi ya Sumbawanga imo bado. Akaziba mirija kwa vizibo, akazifunga kwa kamba nyuma ya pikapu ya kukodi, na watu wa Chanji wakatoka madukani kuangalia wanene wasio na vichwa wakisafirishwa.

Nilisema na mimi nakwenda. Hakuna aliyeniomba. Kwa kuwa mimi ni mama mwenye nyumba, walinipa heshima ya kukaa mbele na dereva, na wao wawili wakapanda nyuma kuzishikilia suti zisipeperushwe. Sijawahi kuchukia heshima kama siku hiyo. Shingo iliniuma kwa kugeuka, na kioo cha nyuma kilikuwa na vumbi, nikiona tu mabega mawili na suti katikati yake. Nilishukuru kwamba suti zilikuwa nene. Tukapita Chala, tukapita Namanyere, barabara ikaanza kuteremka, joto likatupokea, nikavua sweta.

Tulipofika, mteja alitoka na miwani yake, akaichagua suti ya kwanza, akaibonyeza kifuani. Kidole kikazama. Akajaribu ya pili, nayo laini. Zote zilikuwa zimenywea, mikono imelegea, matumbo yameingia ndani.

"Fundi," akasema, "hizi zinavuja."

Mume wangu alibadilika rangi. Akamgeukia mwenzake. "Ni mishono yako."

"Mishono yangu haishiki upepo, kaka. Upepo uko kwenye mifuko yako. Ni viraka."

"Viraka vyangu havijawahi kuvuja tangu nianze kazi."

"Basi vimeanza leo."

Wakasimama pale juani wakirushiana maneno, na mimi, Mungu ananiona, nilijisikia kama mtu aliyekunywa maji baridi. Wagombane! Nilitafuta kivuli nikakaa, nikatoa chupa yangu ya maji kapuni ninywe, nikasahau kuifungua kwa kutazama. Walizitumbukiza suti ziwani moja moja kutafuta viputo. Hapakuwa na kiputo hata kimoja. Kila walipokosa tundu ndivyo walivyozidi kulaumiana, na mteja alianza kuangalia saa yake.

Ndipo yule mwanamke akamgeuzia mume wangu kisogo. Alikuwa ananitazama mimi. Akaja, akasema, "Dada, naomba," akaichukua ile chupa mkononi mwangu.

Nilikuwa nimekunywa nusu yake asubuhi tulipoondoka mjini, nikafunga kifuniko, na sikuwa nimeifungua tena. Ilikuwa imebonyea mbavuni, imesinyaa, kama iliyokamuliwa na mtu. Akaishika juu mbele yao wote.

"Hii nayo inavuja?" akauliza. "Tumejaza upepo wa kule juu, mwepesi. Huku chini hewa ni nzito, inabana. Hata madumu yangu nikishuka nayo kutoka Sumbawanga yakiwa yamefungwa hubonyea hivi hivi. Nilisahau."

Akafungua kifuniko, chupa ikavuta pumzi, ikanyooka. Mume wangu akacheka kwa sauti, akampiga begani, akasema, "Wewe! Wewe una akili!" Ugomvi ukafa palepale. Na kilichouua ni chupa yangu, niliyokuwa nimeipakata ndani ya kapu njia nzima bila kuona kitu. Nilimnyang'anya chupa nikanywa yote.

Lakini mteja hakuridhika kwa maneno. Alitaka kuona mtu ndani ya maji. Yule mwanamke akasema atavaa yeye. "Wewe ukielea umenionyesha nini?" akajibiwa. "Wewe ni samaki. Nataka mtu asiyejua kabisa. Bila hivyo mzigo wenu rudini nao."

Macho yote yakamwendea mume wangu. Mume wangu akaliangalia ziwa. Ni mtu asiyeogopa lori lililoinuliwa kwa jeki mbovu, analala chini yake akipiga mluzi, lakini siku hiyo alijikuna sikio, akajikuna tena, akasema tumbo linamsumbua tangu Namanyere. Kazi yake yote ilikuwa imelala pale kwenye mchanga na yeye anashindwa kunyanyua mguu. Yule mwanamke akamwekea mkono begani, kwa upole, akasema, "Mwacheni kaka wa watu, maji hayalazimishwi."

Mkono ule ulikaa begani kwake muda mrefu kuliko sentensi ilivyohitaji.

"Nipeni mimi," nikasema.

Suti ya kike ilikuwa imekatwa kwa mwili wa mwenzangu, kwa hiyo ilinilegea mabegani na kunikaba nyongani, na nilipotoka nimeivaa wahudumu wa pale wakaangalia pembeni kwa adabu. Ikabaki kujazwa. Mrija ulikuwa hapa, kwenye ukosi, chini ya taya. Yule mwanamke akainama aupulize. Nikageuza uso.

"Apulize yeye," nikasema, nikimwonyesha mume wangu. Nikachukua kitenge changu nikaufuta ule mrija, nje na ndani, nikaufuta tena.

Kwetu mume na mke hawakaribianishi nyuso mbele za watu. Mume wangu alikuja ameinamisha kichwa kama anakwenda kupokea komunyo, akautia mrija mdomoni, akapuliza peke yake mwanzo mpaka mwisho, bila kupokezana na mtu. Pumzi zake zilinigusa shingoni. Kifua kikanikaza, mgongo ukanikaza. Alipomaliza alikuwa anatweta na macho yamemtoka machozi, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kifipa, nisiende mbali. Kwa dakika ile sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Nikaingia. Maji yalifika magotini, kiunoni, halafu miguu ikakosa pa kukanyaga. Nilipiga kelele mara moja, kisha nikagundua sizami. Suti ilinishika makwapani na kifuani ikaniinua kama kizibo. Nikasikia makofi. Mteja alikuwa anapiga makofi! Nikainua mkono kama kiongozi.

Ila suti ile inajua kukuzuia usizame, haijui kukurudisha. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, nami nikaanza kwenda nao, taratibu, kinyumenyume, nikiwa nimewaelekea wao. Nilipiga miguu, nikajizungusha tu. Na pale ufukweni niliwaona wamesimama bega kwa bega, mume wangu na yule mwanamke, kila mmoja amekinga jua kwa mkono, wakizidi kuwa wadogo. Walipendeza. Hicho ndicho nilichokiwaza, badala ya kuwaza kifo. Walionekana kama watu waliokuja kumsindikiza mgeni.

Halafu mmoja wao akajitupa majini, na bila shaka hakuwa mume wangu.

Alinifikia kwa kupiga mikono mara chache tu, akashika mkanda wa ukosi wangu, akanilaza chali akaanza kunivuta. "Legea, dada, umekakamaa."

Nilikuwa mikononi mwake, chini yangu ziwa lote. Wakati mzuri zaidi wa kuuliza sikuona. "Niambie kweli," nikasema nikiangalia mbingu. "Unamtaka mume wangu?"

Aliacha kuvuta. Nikasikia anatema maji, kisha akacheka, kicheko chake kile cha ng'ambo hadi ng'ambo. "Mumeo? Dada, mwanamume anayeogopa kulowanisha magoti, mimi mtu wa Kirando nimpeleke wapi?"

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitokea wapi. Ana kasoro gani mume wangu hata asitakiwe? Nikamwambia mume wangu ni fundi hakuna mfano, hajawahi kuninyanyulia mkono, wanawake wengi wanamtaka. Niliyasema hayo yote nikiwa chali, maji yakiniingia puani.

"Basi mshike," akasema, akaendelea kuvuta.

Nilipogeuza shingo nikaona jambo. Mume wangu alikuwa ameingia majini. Ameingia na viatu na suruali, maji yamempanda mapajani, anapepesuka juu ya mawe, uso umemkauka kwa hofu, lakini anakuja, mkono ameunyoosha mbele. Moyo ulinijaa. Nilitaka yule mwanamke amwone. "Unaona?" nikamwambia. "Unamwona anayeogopa maji?"

Tukafika maji mafupi, matako yangu yakagusa mchanga. Mume wangu akajikaza hatua za mwisho. Aliyekuwa mbele ni yule mwanamke, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinivuta, na mkono ule ulionyooshwa ulimfikia yeye kwanza. Akaupokea. Akainuka nao, maji yakimchuruzika, wakasimama hivyo wameshikana, yeye akicheka, mume wangu akihema na kumwambia asante, asante sana. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pao, nimejaa upepo kuanzia shingoni mpaka kiunoni, siwezi kuinama wala kujiinua, nikisubiri waachane ndipo nami nipewe mkono.